Chungwa la shamba na tungule ya kopo: tusichanganye hesabu

Mkunga wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa,

Kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Pemba, na Unguja nasikia umeshafika. Unasema kikopo kimoja kidogo cha tungule (nyanya) kina vitamini C sawa na machungwa sita, kwa hivyo mama asiye na uwezo aache kuhangaika na machungwa, anunue kopo. Kinamama wameshaanza kuniuliza kliniki. Mmoja mwanawe kapimwa damu ikaonekana imepungua, na tayari alikuwa ameshamkatisha machungwa, anamtilia tungule ya kopo kwenye chakula akiamini anamtibu. Hapo nikaona nisinyamaze. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, na wenye ujuzi waongeze.

Nianze na hesabu yenyewe, kwa takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambazo watu wa lishe wengi duniani huzitegemea.

Gramu 100 za nyama ya chungwa, bila ganda, zina vitamini C miligramu 53. Chungwa la wastani ukishalimenya hubaki gramu 130 hivi, kwa hivyo mlaji anapata karibu miligramu 70. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo (FAO) wanamwekea mtu mzima miligramu 45 kwa siku. Wamarekani wamekwenda juu zaidi: 90 kwa mwanamume, 75 kwa mwanamke. Kwa kipimo cha kwanza chungwa moja limetosha na kuzidi. Kwa cha pili limekaribia.

Sasa kopo. Hapa lazima tutenganishe, maana dukani tungule za kopo ni aina mbili. Kuna zile nzima au zilizokatwakatwa, zimo ndani ya maji yake, kopo kubwa la gramu 400, ambazo zaidi utazikuta maduka makubwa. Hizo, gramu 100 zina vitamini C kati ya miligramu 9 na 13. Halafu kuna ile nzito, kikopo cha gramu 70 kilichopo kila duka la mtaani kuanzia Konde mpaka Mkoani. Hiyo imechemshwa mpaka maji yake mengi yakaondoka, ndiyo maana kila kilichomo kimejikusanya: gramu 100 zina vitamini C miligramu 22. Kikopo kizima cha gramu 70, basi, ni miligramu 15.

Na hizo 15 ni za chungu kizima. Ukipika mchuzi wa watu sita, kila sahani inapata mbili na nusu, na hapo hatujahesabu kinachopotea motoni. Kwa hivyo ujumbe umekwenda kinyume kabisa. Kulifikia chungwa moja unahitaji vikopo karibu vitano, tena uvimalize peke yako.

Hiyo sita imetoka wapi? Mie nadhani aliyeandika alisoma safu ya potasiamu, ambayo ni madini, akaichukulia kuwa ndiyo vitamini C. Tungule nzito ina potasiamu miligramu 1,014 kwa gramu 100, chungwa lina 181. Gawanya, utapata tano na nusu na ushei. Karibu sita.

Naomba mwenye kundi aliloona ujumbe huo aupeleke uzi huu hukohuko.

Yakhe wa Kikwajuni

Ahsante mkunga. Kwa hivyo hilo kopo ni rangi tu? Mke wangu hapiki mchuzi bila hicho kikopo. Nimwambie aache?

Mkunga wa Wete

Usimwambie aache, ndugu yangu. Kopo lina lake, na hili khasa nataka lisomwe vizuri, maana wengine wakisikia kopo limeshindwa na chungwa watalitupa.

Wekundu wa tungule unatokana na kitu kinachoitwa likopeni. Hicho hakigeuki kuwa vitamini A mwilini kama ile rangi ya karoti na embe, lakini ni katika vitu vinavyolinda chembe za mwili zisiharibike. Chungwa letu la kawaida karibu halina. Tungule mbichi ina miligramu mbili na nusu hivi kwa gramu 100. Ile nzito ya kopo ina karibu miligramu 29.

Na si suala la kujikusanya tu. Tungule ikiwa mbichi, likopeni imefungwa ndani ya kuta za chembe zake, na utumbo hauwezi kuitoa yote. Moto unazivunja kuta. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walizipasha tungule kwa nyuzi 88 za Selsiasi. Baada ya dakika 30 vitamini C ilikuwa imepungua kwa asilimia 29, na likopeni iliyoweza kupatikana imepanda kwa asilimia 164. Kabla ya hapo, 1997, Wajerumani walishaonesha kwamba mtu anayekula tungule nzito ya kopo anaingiza likopeni nyingi zaidi kwenye damu kuliko anayekula tungule mbichi yenye kiasi kilekile.

Moto uleule unaoondoa vitamini C ndio unaofungua likopeni. Kwa hivyo huwezi kuliuliza kopo habari za vitamini C ukaacha kulidhulumu, na huwezi kuliuliza chungwa habari za likopeni.

Kuna wanaosambaza pia kwamba likopeni inatibu saratani ya tezi dume. Hapana. Kuna tafiti zilizoona wanaume wanaokula tungule nyingi zilizopikwa wanaugua kidogo zaidi, lakini Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipozipitia mwaka 2007 iliona ushahidi hautoshi. Kula mchuzi wako, na tezi dume kapime hospitali.

Mpishi wa Shughuli

Mkunga, mie napika biriani za harusi, na tungule nzito siwezi kuikosa. Nataka kuuliza kuhusu mafuta. Sisi tunaikaanga kwanza, kitunguu kikishageuka rangi unaitia tungule, unaipika mpaka mafuta yajitenge yaje juu yamekuwa mekundu. Wasichana wa siku hizi wanatia tungule na maji pamoja, wanasema mafuta ni maradhi. Kuna tofauti?

Mkunga wa Wete

Tofauti ipo kubwa, bibi. Likopeni inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Hayo mafuta yaliyokuja juu yakawa mekundu ndiyo ushahidi wako: wekundu umehamia humo, na ukifika tumboni pamoja na mafuta ndipo unaponyonywa. Tui la nazi nalo linafanya kazi hiyohiyo, kwa hivyo mchuzi wa nazi wenye tungule umekaa sawa. Wala huhitaji mafuta mengi, vijiko vichache vinatosha kwa chungu cha nyumbani. Mtu akichemsha tungule na maji matupu, rangi ataiona kwenye sahani lakini sehemu kubwa itampita tu.

Muuza Machungwa Darajani

Naomba na sisi wa barabarani tuseme.

Shida yangu na wateja ni mbili. Ya kwanza, mtu akiona chungwa la kijani anasema bichi. Machungwa yetu, yawe ya shamba hapa Unguja au ya Muheza yanayovushwa kutoka Tanga, yanaiva yakiwa ya kijani. Mimi nalijua chungwa kwa uzito mkononi na kwa ngozi yake, likiwa laini linang'aa na lina uzito, lina maji. Lile la njano tupu mara nyingine limekaa sana.

Ya pili ndiyo nataka mkunga atusaidie. Ninavyouza, nalimenya kwa kisu, natoa ule ukijani wa juu tu, weupe nauacha. Nakata kifuniko juu. Mtu anataka chumvi na pilipili ya unga, namtilia. Analibana, anafyonza maji, likishakauka analitupa. Jioni nikifagia mbele ya meza yangu ndoo inajaa machungwa ambayo nyama yake yote imo ndani. Hivi kinachotupwa pale hakina faida?

Mkunga wa Wete

Kaka yangu, hili ulilolisema nilikuwa nalitafutia nafasi.

Kwanza la ukijani. Uko sahihi. Katika nchi za baridi, usiku ukipoa ganda linapoteza ukijani na rangi ya chungwa inatokeza. Kwetu usiku una joto, ganda linabaki kijani hata tunda likiwa limeiva na tamu. Watu wasiyakatae kwa ajili ya rangi.

La pili. Anayefyonza anapata vitamini C nyingi tu, kwa sababu iko kwenye maji. Anachokitupa ni nyuzinyuzi. Gramu 100 za chungwa zima zina nyuzinyuzi gramu 2.4, na maji yake matupu yana 0.2. Chungwa moja likiliwa lote ni gramu tatu hivi. Nyuzinyuzi hizo ndizo zinazomsaidia mtu kupata choo, na zinaichelewesha sukari isiingie kwenye damu kwa pupa. Wajawazito wanakuja kwangu wanalalamikia kufunga choo, ukimuuliza machungwa anakula, anakwambia kila siku. Ukimuuliza anakulaje, anafyonza anatupa. Ule weupe wa chini ya ganda nao ni chakula, haudhuru.

Nawasihi wenzangu: baada ya kufyonza, lipasueni, mle nyama, mteme kokwa. Na chumvi ile mwambie mteja itoshe chembechembe, maana chungwa lenyewe halina chumvi hata kidogo, na hiyo ni moja katika sifa zake kubwa.

Mama Nassra

Mkunga, umetaja chumvi. Mama yangu ana presha na sukari. Yeye ameambiwa machungwa yana sukari ayaache, na kopo ameambiwa ni salama kwa sababu ni mboga. Nnaomba ufafanuzi.

Mkunga wa Wete

Dada yangu, kwa mgonjwa wa presha kopo ndilo la kuangaliwa zaidi.

Tungule nzito isiyotiwa chumvi ina sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, miligramu 59 kwa gramu 100. Iliyotiwa chumvi inafika karibu 790. Tungule ni ileile, umoto ni uleule, chumvi ndiyo iliyobadilika. Kikopo cha gramu 70 chenye chumvi kinakuwa kimeshabeba chumvi kama gramu moja na nusu kabla mpishi hajanyoosha mkono kwenye kibuyu chake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku kwa vyakula vyake vyote. Na sisi juu ya kopo tunatia chumvi, tunatia kidonge cha supu, halafu samaki mwenyewe kakaangwa na chumvi.

Ligeuze kopo usome nyuma. Orodha ya vilivyomo ikiwa ni tungule peke yake, hilo ndilo la mama. Ikiwa tungule na chumvi, pika bila kuongeza chumvi nyingine, onja mwishoni. Kuna nyengine zimetiwa wanga na rangi ili zionekane nzito na nyekundu; hizo unalipia unga. Iliyo halisi mara nyingi imeandikwa asilimia 28 mpaka 30, maana yake kilichobaki baada ya kuondolewa maji ni kiasi hicho. Tungule mbichi ina asilimia tano au sita tu, kwa hivyo kilo moja ya ile nzito imetoka kwenye kilo tano na zaidi za tungule.

Sukari ya chungwa: gramu 100 zina sukari gramu 9. Chungwa moja zima, na nyama yake, halimpandishi mgonjwa wa sukari kama anavyoogopeshwa, akilihesabu ndani ya mlo wake na akafuata alivyopangiwa kliniki. Cha kuogopa ni juisi.

Na kama mama anameza dawa za presha au za mafuta kwenye damu, muulize daktari kuhusu balungi na danzi. Hayo yana kitu kinachozuia mwili kuzivunja baadhi ya dawa, kama nifedipini na simvastatini, dawa ikazidi mwilini. Chungwa tamu halina tatizo hilo. Figo zake zikiwa zimeguswa, basi ile potasiamu niliyoisema mwanzo inakuwa ni hatari, na tungule nzito ina potasiamu nyingi kuliko chungwa, gramu kwa gramu. Hapo asikae na ushauri wa jukwaani, aende kwa daktari wake.

Mama Nassra

Nimesoma kopo lililopo jikoni. Tungule, chumvi, wanga, rangi. Ahsante sana dada, Mungu akulipe.

Maalim wa Historia

Niongeze kidogo, kwa sababu mwambao wetu umo ndani ya habari hii na skuli hatuwafundishi watoto.

Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, mabaharia wake wakiwa wameoza fizi na kuvimba miguu kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo na machungwa mengi, na malimau, na miwa. Mwandishi wa safari hiyo ameandika kwamba wagonjwa wao wote walipona pale, na akasema ni kwa sababu ya hewa nzuri. Mwaka uliofuata, Januari 1499, walirudi kutoka India baada ya miezi mitatu baharini, watu wao wengi wameshakufa. Walipotia nanga Malindi walimtuma mtu nchi kavu kwenda kutafuta machungwa kwa sababu wagonjwa waliyatamani. Mwisho wa mwezi huohuo wakapita Unguja.

Wale wagonjwa walishajua kinachowafaa kabla ya matabibu wao. Daktari wa Kiskoti James Lind alikuja kulijaribu jambo hili kwa utaratibu mwaka 1747, kwenye meli ya Salisbury, kwa mabaharia 12, wawili wawili, kila wawili na dawa yao. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku waliinuka ndani ya siku sita. Jeshi la maji la Uingereza likachelewa mpaka 1795 ndipo likaamuru maji ya limau melini.

Mkunga wa Wete

Maalim, ahsante. Hii nitawasomea kinamama kliniki.

Na nirudi kwa yule mtoto wa damu, maana wengi wameniuliza faragha kopo lina madini ya chuma kiasi gani. Tungule nzito ina miligramu tatu kwa gramu 100. Kwa mboga si kidogo, lakini hesabu ni ileile: kikopo ni miligramu mbili kwa chungu kizima. Chungwa lina kidogo mno, halifiki hata robo ya miligramu.

Chungwa linasaidia damu kwa njia nyengine. Chuma kilichomo kwenye maharage, mchicha, choroko na majani ya muhogo mwili unakipokea kwa shida. Vitamini C ikikutana nacho tumboni kwa wakati mmoja, upokeaji unaongezeka maradufu au zaidi. Kwa wakati mmoja: chungwa la saa nne asubuhi halisaidii maharage ya saa nane mchana. Mpe mtoto maharage, na hapohapo, kwenye sinia ileile, vipande vya chungwa. Msimu wa machungwa ukipita tumia papai, ambalo lina vitamini C kama miligramu 60 kwa gramu 100, au pera, ambalo linalishinda chungwa mara nne. Ndimu ya kukamulia juu ya mboga nayo inafaa, itie baada ya kuepua.

Sasa tazama tunavyofanya. Chakula kikishaliwa tu, au katikati ya kula, inaletwa chai ya rangi. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya kile chuma. Mtoto wa miaka miwili anapewa chai na mkate asubuhi, chai na ndizi jioni, halafu tunashangaa damu haipandi. Mkipenda chai, basi saa nzima baada ya kula, na mtoto mdogo haihitaji kabisa.

Na kwa wazazi wa Pemba nasema wazi: damu ya mtoto inashuka pia kwa safura na kwa malaria. Chungwa halifukuzi minyoo. Mtoto apimwe, apewe dawa ya minyoo na dawa ya damu kama alivyoandikiwa, na chungwa liende pamoja na hivyo.

Baba wa Mkoani

Na mafua? Kwetu mtoto akipiga chafya anaminyiwa machungwa jagi zima.

Mkunga wa Wete

Mapitio ya 2013 ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio mengi ya watu zaidi ya 11,000, yalikuta kwamba kwa watu wa kawaida vitamini C ya kila siku haizuii mafua. Inayafupisha kidogo: kwa watu wazima asilimia 8, kwa watoto asilimia 14, na hiyo ni kwa aliyekuwa anaitumia kabla hajaugua. Kwa hivyo jagi la siku ya kuugua halina kazi hiyo mnayoitarajia. Mpe maji, mpumzishe.

Bint Shaban

Na juisi ya futari? Mwezi wa Ramadhani sisi tunakamua machungwa ndoo, na sukari juu yake ili watu wote waenee.

Mkunga wa Wete

Glasi moja ya robo lita ni machungwa matatu na ina sukari gramu 21 kabla hujatia ya kwako. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi sawa na sukari ya kopo la soda, na linapendelea mtu asizidi gramu 25 kwa siku. Aliyefunga tumbo likiwa tupu, ile glasi inaingia moja kwa moja. Futurisheni kwa tende na maji, machungwa yakatwe vipande yawekwe katikati ya sinia. Mkikamua, msitie sukari, na msichuje. Vitamini C itakuwepo, na asidi ya chungwa inaihifadhi isiharibike upesi kama inavyoharibika kwenye mboga za majani, lakini kunyweni siku ileile.

Mwenye Duka Chake Chake

Mie nauza vikopo, kwa hivyo nilisubiri nione mnakwenda wapi. Nakubaliana na mengi. Mvua za masika zikiingia tungule mbichi zinapanda bei, na nyingi zinafika kwa boti zimeshapondeka. Mtu mwenye mshahara mdogo kikopo kinamwokoa. Msimwone ni mvivu.

Ila nataka mkunga awaambie watu habari za kopo lililovimba. Nimewahi kukataa kuuza, mteja akakasirika akasema namnyima bure.

Mkunga wa Wete

Umefanya vyema kukataa. Kopo likivimba pande zote mbili, au likivuja, au ukilifungua likatoa mchuruziko wa gesi, halionjwi hata kwa ncha ya ulimi. Lifungwe kwenye mfuko litupwe mbali na watoto na kuku. Tungule zina asidi na asidi hiyo inazuia wadudu wengi, lakini kopo lililoingia hewa au lisilopikwa vyema kiwandani linaweza kuwa na sumu isiyonuka. Lililobonyea kwenye mshono liacheni dukani. Lililobonyea kidogo ubavuni, mshono ukiwa mzima, halina neno.

Na la bei umesema kweli. Anayeona tungule mbichi zimempanda bei atumie kopo bila ya wasiwasi, asome chumvi, akaange kwa mafuta kidogo. Pesa iliyobaki inunue machungwa, hata mawili ya kugawana. Wakati wa kipupwe machungwa yanapojaa hata wa kipato kidogo anaweza.

Yakhe wa Kikwajuni

Mke wangu amesoma uzi wote na ana swali lake. Tuko wawili tu nyumbani, kikopo hakiishi kwa mara moja. Anakiacha kimefunguliwa kwenye friji, kesho yake juu pameshakuwa peusi na ladha ya chuma. Afanyeje?

Mkunga wa Wete

Asiiache ndani ya kopo. Kopo likishafunguliwa hewa inaingia, na asidi ya tungule inaanza kuula ule utando wa ndani na bati lake, hiyo ndiyo ladha ya chuma anayoisikia. Aihamishie kwenye chupa ya kioo au chombo cha plastiki chenye kifuniko, ailainishe juu kwa kijiko, amimine mafuta ya kupikia yaifunike, aiweke kwenye friji. Itakaa siku nne tano. Kama ana sehemu ya kugandishia, ajaze ile tungule kwenye trei ya barafu, kila tundu ni kijiko kimoja, zikishaganda azitoe azitie kwenye mfuko. Akitaka kupika anachukua moja, anaitia kwenye mafuta ya moto ikiwa bado imeganda, afunike kidogo isimrukie.